Neema Iliyomfuata Nahodha: Historia ya Wimbo Tunaouimba

Neno yubile limetoka katika sura ya 25 ya kitabu cha Walawi. Huko Mungu anawaagiza Israeli wahesabu miaka saba mara saba, kisha waufanye mwaka wa hamsini kuwa mtakatifu. Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya umaskini anarudi kwa jamaa yake. Shamba lililouzwa linarudi kwa mwenyewe. Jambo moja wengi wetu hulipita upesi tunaposoma: baragumu la yubile halipigwi siku yoyote tu. Linapigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, yaani Siku ya Upatanisho, siku ambayo taifa zima lilijinyenyekeza kwa ajili ya dhambi zake. Kwanza upatanisho, ndipo uhuru na kurudisha kilicho cha mwenyewe.

Katika sherehe hii tumeona vyema tutazame utaratibu huo katika maisha ya mtu mmoja ambaye wimbo wake tumeuimba mazishini, arusini, na katika ibada za mwaka mpya. Wimbo huo ni Neema ya Ajabu, unaojulikana duniani kote kwa Kiingereza kama Amazing Grace. Aliyeutunga ni John Newton, Mwingereza, aliyewahi kuwa nahodha wa meli ya watumwa. Historia yake inatufundisha kuhusu dhambi na neema, na mwisho wake unafika hadi pwani yetu ya Kenya.

Mtoto wa maombi

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mara nyingi hayupo nyumbani. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu. Alimfundisha mwanawe kusoma, akamkaririsha maandiko, katekisimu na nyimbo za Isaac Watts, na alitamani siku moja awe mhubiri. Lakini kifua kikuu kilimwondoa mama huyo kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Akiwa na miaka kumi na mmoja Newton alianza kusafiri baharini pamoja na baba yake.

Mwaka 1744 alikamatwa na kuingizwa kwa nguvu katika jeshi la wanamaji, kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza wakati ule. Alitoroka, akakamatwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake na kushushwa cheo. Kufikia hapo alikuwa ameshaitupa imani ya mama yake. Aliikufuru waziwazi, na akaona fahari kuwavuta vijana wenzake waiache pia.

Kutoka jeshini alihamishiwa meli iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi kununua watu. Huko Sierra Leone aliajiriwa na mfanyabiashara wa watumwa aliyekaa katika visiwa vya Plantain. Newton aliugua homa, na mke wa mwajiri wake akamnyima chakula na kumdhihaki. Alidhoofika hata akawa anachimbua mizizi usiku na kuila mbichi. Wakati huo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, waliomhurumia walikuwa watumwa waliofungwa minyororo. Walimpa kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo.

Tusiipite habari hii haraka. Majina ya watu wale hayakuandikwa popote. Walikuwa wanangoja kuuzwa, naye Newton alikuwa wa kundi la wauzaji. Hawakuwa na sababu yoyote ya kumsaidia. Ndiyo maana ya neema: kupewa na mtu uliyemkosea, kitu usichostahili, wakati huna cha kumlipa. Newton alionja neema mikononi mwa Waafrika kabla hajaitungia wimbo.

Usiku wa dhoruba

Mwaka 1748 nahodha wa meli iitwayo Greyhound, aliyekuwa ameombwa na baba yake Newton kumtafuta, alimkuta na kumchukua. Wakiwa njiani kurudi Uingereza, usiku wa tarehe 10 Machi kwa kalenda ya wakati ule, yaani 21 Machi kwa kalenda yetu, dhoruba kali iliipasua meli ubavuni. Maji yakajaa. Baharia mmoja alisombwa na mawimbi. Newton alisukuma pampu tangu alfajiri hadi mwili ukachoka kabisa, kisha akashika usukani aiongoze meli. Katika saa hizo ndefu, bila kukusudia, alijikuta akitaja jina la Bwana na kuomba rehema. Akajiuliza kama mtu aliyemdharau Mungu kiasi kile angeweza kuhurumiwa.

Meli haikuzama. Shehena yake ilikuwa na nta na mbao, vitu vyepesi vinavyoelea, na baada ya majuma kadhaa ya njaa walifika Ireland. Maisha yake yote yaliyobaki Newton aliiadhimisha tarehe 21 Machi kwa kufunga na kuomba.

Mahubiri mengi kuhusu Newton huishia hapa: mwenye dhambi, dhoruba, wokovu, wimbo. Historia haikwenda hivyo.

Sala juu, minyororo chini

Baada ya dhoruba ile, Newton aliendelea kuuza watu. Mwaka huohuo wa 1748 alisafiri kama afisa wa kwanza katika meli ya watumwa. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa safari tatu, katika meli za Duke of Argyle na African. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa sala. Chini yao, ndani ya meli ileile, watu walilala wamefungwa minyororo wawili wawili, wengi wao wakiugua na baadhi wakifa na kutupwa baharini. Shajara yake ya safari inataja hata vyuma vya kubana vidole gumba, vilivyotumiwa kwa wavulana walioshukiwa kupanga uasi.

Tena, hakuacha kazi ile kwa sababu dhamiri ilimsumbua. Aliacha mwaka 1754 kwa sababu aliugua ghafla na daktari akamkataza kusafiri. Baadaye Newton mwenyewe alieleza kwamba katika miaka ile hakuweza kujiita mwamini kwa maana kamili ya neno.

Ni habari ngumu, nasi hatuiandiki ili kumhukumu marehemu. Tunaiandika kwa sababu inaonyesha dhambi ilivyo. Tumezoea kufikiri kwamba dhambi ni matendo yale tunayoyaonea aibu: ulevi, matusi, uzinzi. Newton aliacha matusi upesi. Dhambi iliyomshika kwa muda mrefu ni ile ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni dhambi. Biashara ya watumwa ilikuwa halali kwa sheria. Ilikuwa na bima, wenye hisa na risiti. Waumini wa kanisani waliwekeza fedha zao ndani yake. Alipokuwa akisali juu ya meli hakuwa mnafiki anayeigiza. Alikuwa kipofu, na kipofu hajui asichokiona.

Mtume Paulo katika Warumi sura ya tatu anafundisha kwamba wote wametenda dhambi, kisha papo hapo anasema juu ya kuhesabiwa haki bure kwa neema. Huenda sisi husikia neno "wote" kana kwamba linawahusu wengine. Hadithi ya Newton yatukumbusha kwamba linawahusu pia wale wanaoongoza sala.

Olney: wimbo wa watu maskini

Mwaka 1764 Newton aliwekwa wakfu na kupelekwa Olney, mji mdogo ambao wengi wa wakazi wake walikuwa mafundi wa kusuka lesi, watu wa kipato kidogo. Aliwapenda, nao wakampenda. Kwa ajili ya mikutano yao ya maombi alianza kutunga nyimbo za maneno mepesi, akisaidiwa na rafiki yake, mshairi William Cowper. Mwaka 1779 nyimbo zao, 348 kwa jumla, zilichapishwa katika kitabu kimoja.

Neema ya Ajabu iliandaliwa kwa ibada ya siku ya kwanza ya Januari 1773. Somo la siku hiyo lilikuwa 1 Mambo ya Nyakati 17:16-17, ambapo Mfalme Daudi anaketi mbele za Bwana na kushangaa: yeye ni nani, na nyumba yake ni nini, hata Mungu amemfikisha hapo alipo? Wimbo wenyewe ni mahubiri ya andiko hilo. Unatazama nyuma, unatazama leo, kisha unatazama mbele. Kwa kwaya inayoadhimisha yubile, hakuna somo linalofaa zaidi.

Wengi hushangaa kusikia kwamba tuni tunayoijua si ya Newton. Iliunganishwa na maneno yake huko Marekani mwaka 1835, katika kitabu cha nyimbo cha William Walker. Na ubeti wa mwisho unaoimbwa sana kwa Kiingereza, ule unaohesabu maelfu ya miaka mbinguni, si wake pia. Ulipitishwa kwa mdomo miongoni mwa Wamarekani weusi, na mwaka 1852 Harriet Beecher Stowe aliuweka katika riwaya yake maarufu kuhusu utumwa, kinywani mwa mtumwa Tom. Hivyo watumwa walimlisha nahodha alipokuwa na njaa, na vizazi vya watumwa vikamkamilishia wimbo.

Kuna jambo jingine lililotokea mwezi uleule wa Januari 1773. William Cowper aliangukiwa na ugonjwa mkali wa akili. Mtu huyu mpole, aliyetunga wimbo mashuhuri kuhusu chemchemi ya damu inayoosha wenye dhambi, aliamini kwamba Mungu amemkataa yeye peke yake. Newton na mkewe Mary walimchukua akakaa nyumbani kwao zaidi ya mwaka mmoja. Hali hiyo ya kukata tamaa ilimrudia Cowper mpaka kufa kwake mwaka 1800.

Tunapata hapa hatari mbili za roho. Moja ni ya Newton wa mwaka 1750, aliyejiona amesamehewa huku amewafunga wenzake. Nyingine ni ya Cowper, aliyewaimbia wengine neema na kujiona yeye haimfikii. Katika kwaya yoyote watu wa namna zote mbili wapo, pengine wamesimama mstari mmoja. Wa kwanza anahitaji kuamshwa. Wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye bila kuchoka, kama Newton alivyokaa.

Miaka thelathini na minne baadaye

Mwaka 1779 Newton alihamia kanisa la St Mary Woolnoth, London. Mwaka 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimjia kwa siri kuomba ushauri. Alikuwa ameokoka na alifikiri kuacha siasa. Newton alimshauri abaki Bungeni, amtumikie Mungu hukohuko.

Kisha mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton alichapa kijitabu juu ya biashara ya watumwa. Alieleza aliyoyaona na aliyoyatenda: jinsi watu walivyopangwa ndani ya meli kama vitabu kwenye rafu, jinsi walivyoadhibiwa, jinsi wanawake walivyodhalilishwa. Alikiri hadharani kwamba alishiriki, na kwamba ungamo lake limechelewa. Hakusema alikuwa anafuata amri, wala kwamba nyakati zilikuwa hivyo. Nakala zilisambazwa kwa wabunge, naye akatoa ushahidi mbele ya kamati za serikali na Bunge. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo katika himaya ya Uingereza ilipita Machi 1807. Newton, akiwa mzee asiyeona vizuri, aliishi kusikia habari hizo. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo.

Neema ilimsamehe mara moja, lakini ilichukua miaka arobaini kumfumbua macho. Na macho yalipofumbuka, haikumtosha kusikitika chumbani. Ilimpasa kusema ukweli mbele ya wale waliokuwa na uwezo wa kukomesha uovu ule.

Kengele ya Freretown

Sasa tuje nyumbani. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi dogo la makasisi na waumini wa London lililoanza kukutana mwaka 1783. Katika mazungumzo ya kundi hilo ndipo ilipochipuka CMS, chama cha umisheni cha Kanisa la Anglikana, kilichoundwa Aprili 1799. Chama hichohicho ndicho kilichomleta Johann Ludwig Krapf Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakafungua misheni Rabai.

Bahari yetu nayo ilikuwa na meli za watumwa. Watu wa bara walishushwa pwani na kuvushwa hadi Zanzibar, Pemba na Arabuni, hata baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873. Mwaka 1875 CMS ilianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi. Kengele iliwekwa kuwaonya wakazi wanyang'anyi wa watu wakikaribia. Mnara wake ungali umesimama kule Kongowea, na kituo kile tunakiita Kengeleni hadi leo.

Wajenzi wa kanisa lile la pwani hawakuwa wamisionari Wazungu peke yao. Walikuwamo Wabombei, Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa India, kisha wakarudi Rabai na Freretown wakiwa walimu na mafundi. Wawili kati yao, Ishmael Semler na William Jones, waliwekwa wakfu na Askofu James Hannington kuwa mashemasi mwaka 1885. Watu waliokuwa wamehesabiwa kama bidhaa sasa walisimama madhabahuni.

Lakini hata Freretown haikuwa mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 yalitokea malalamiko kwamba watu waliookolewa walikuwa wakichapwa viboko na msimamizi wa misheni, na uchunguzi ukalazimika kufanywa. Kijiji kilichojengwa kwa neema kilihitaji neema nacho. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, miaka mia moja kamili baada ya sheria ya Uingereza na kifo cha Newton.

Kutembea nuruni

Somo hilo la kufumbuliwa macho lilirudi tena Afrika Mashariki kwa njia ya Uamsho. Mwaka 1929, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, waliketi pamoja kusoma Biblia na kuomba. Miaka ya 1930 moto ulianza kuwaka Gahini, ukaenea Uganda, na kufika Kenya kabla ya muongo ule kwisha. Wazazi na mababu zetu waliushuhudia. Wimbo wa Tukutendereza, kwa Kiganda chake kilekile, uliimbwa na watu wa makabila yote.

Watu wa Uamsho waliita maisha yao kutembea nuruni. Aliyeokoka alitaja dhambi yake kwa jina lake. Aliyeiba jembe au mbuzi alirudisha. Aliyekuwa na kinyongo na jirani alikwenda kugonga mlango wake. Hata wamisionari walisimama mbele ya ndugu Waafrika na kuungama kiburi chao cha rangi, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Huo ulikuwa utaratibu wa Walawi 25 uleule: upatanisho, kisha kurudisha.

Kwa wanakwaya na usharika

Basi tunapouimba wimbo wa Newton katika yubile hii, tukumbuke tunaimba nini. Tunaimba ungamo la mtu aliyetenda uovu halisi juu ya watu halisi, watu wa bara letu. Msamaha wake haukuwa wa bei rahisi, kwa kuwa Kristo aliulipia msalabani. Wala hatuna haja ya kuficha historia yake ili wimbo ubaki mzuri. Ukweli huo ndio unaoufanya wimbo uaminike, maana kama neema ilimfikia nahodha yule, inamfikia hata yule aliyeketi benchi la nyuma leo akijiambia kwamba amezidi kiasi.

Na tumwombe Mungu atuonyeshe tusichokiona. Labda kuna mfanyakazi wa nyumbani ambaye mshahara wake tumeukalia. Labda kuna shamba la mjane, au la yatima, lililopata mwenyewe mpya bila haki. Labda kuna mwanakwaya mwenzetu aliyeacha mazoezi miaka mingi iliyopita kwa sababu ya neno tulilomwambia, na hakuna aliyekwenda kumtafuta. Hayo yote yanaweza kuendelea huku sauti zetu nne zikilingana vizuri kabisa. Kabla mwaka huu wa yubile haujaisha, kila mmoja na afikirie mlango mmoja anaopaswa kuugonga, aende.

Bwana aliyetufikisha hapa atuongoze mbele. Heri ya yubile, na neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.